Nesi anayefundisha hajakimbia wodi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapa wiki mbili zilizopita, yule aliyekuwa akimuuguza mama yake mwenye kisukari na kidonda mguuni. Aliandika kwamba usiku kucha wodi ilikuwa mikononi mwa nesi mmoja kijana, mgeni kazini, na kwamba alipouliza wazoefu wako wapi aliambiwa mmoja kahamia chuoni kufundisha, mwingine yuko kwenye mambo ya chanjo. Akamalizia kwamba wauguzi wenye ujuzi wamewakimbia wagonjwa. Barua hiyo iliniuma, maana mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Nilipoirudia kwa utulivu nikaona kuna mahali ana haki kabisa, na mahali hapo nitapafikia bila kupunguza neno.

Nina miaka 27 katika uuguzi. Nilianza wodini, kisha nikarudi darasani kusomea ubobezi, yaani ile ngazi ambayo muuguzi anaruhusiwa kumpima mgonjwa tangu mwanzo, kuagiza vipimo, kusema ugonjwa ni nini, kuandika dawa na kumfuatilia mwenyewe, huku akijua mpaka wake uko wapi na daktari aitwe wakati gani. Baadaye nikafundisha. Kisha nikaingia kwenye afya ya jamii: chanjo, takwimu, kuzungukia vituo. Ukiitazama karatasi yangu ya kazi utasema nimehama fani mara kadhaa. Mimi najua nimefanya kazi ile ile muda wote huo, na nitaeleza kwa nini nikianza na kosa langu mwenyewe.

Kliniki yangu ya kisukari ilikuwa na mzee mmoja mwangalifu kuliko wagonjwa wote. Daftari lake la sukari lilifungwa kwa lastiki, namba za asubuhi safu moja, za jioni safu nyingine, kwa mwandiko wa zamani ulionyooka. Hakuruka sindano hata moja. Lakini sukari yake ilikuwa juu, nikamwongezea dozi ya insulini. Aliporudi ilikuwa bado juu, ila mara moja moja inaporomoka ghafla, anatokwa jasho na mikono inatetemeka. Nikamhoji kuhusu chakula, nikamhoji kuhusu muda wa sindano, majibu yote yakawa sawa. Nikaongeza tena.

Safari ya tatu nilikuwa na mwanafunzi wa uuguzi pembeni yangu. Alikuwa kimya muda wote. Nilipochukua kalamu kuandika dozi mpya akainama upande wangu.

"Samahani, Sista. Naweza kuona anapojichoma?"

Nje kulikuwa na foleni na nilikuwa nimechelewa. Nikamwambia aangalie haraka. Mzee akafungua vifungo, akapandisha shati. Kwa macho hapakuwa na kitu. Binti akasugua viganja vyake vipate joto, akaanza kupapasa kwa ncha za vidole kutoka ubavuni kuja kitovuni, polepole, kama mtu anayetafuta mshono gizani. Kulia kwa kitovu vidole vikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena, vikasimama pale pale.

"Sista, gusa hapa."

Nikagusa. Chini ya ngozi kulikuwa na bonge la upana wa vidole vitatu, limekaza, na ngozi ya juu yake inateleza.

"Hapo ndipo ninapochoma siku zote," mzee akasema. "Nimepachagua kwa sababu hapaumi."

Mwenye kisukari akichoma insulini mahali pamoja siku hadi siku, mafuta yaliyo chini ya ngozi huvimba na kukomaa. Hisia za pale hupungua, ndiyo maana hapaumi, na ndiyo maana mtu hupapenda. Lakini dawa inayoingia kwenye bonge hilo haipiti inavyotakiwa: leo inakawia, kesho inaingia kwa mkupuo. Sindano moja ikitumiwa mara nyingi mambo huwa mabaya zaidi. Kwa hiyo mimi, na cheti changu cha ubobezi ukutani, nilikuwa naongeza dawa juu ya dawa isiyofika. Hatari kubwa zaidi ilikuwa ile ambayo bado haijatokea. Kama siku moja mzee yule angeamua kuchoma kwenye ngozi nzima kwa dozi niliyompandishia, sukari ingeweza kushuka hadi apoteze fahamu, usiku, peke yake. Jioni ile sikuweza kula.

Tulipunguza dozi, tukamwonyesha sehemu mpya, tukampima kwa karibu majuma yaliyofuata. Namba kwenye daftari zikaanza kutulia.

Sasa sikiliza sehemu inayomhusu msomaji wako. Nilimuuliza yule binti amejifunza wapi kupapasa namna ile. Akaniambia mkufunzi wao hasahihishi maelezo ya mgonjwa wa insulini kama mwanafunzi hajamgusa mahali anapojichoma; karatasi inarudi na mstari mwekundu tu. Akamtaja jina. Nilimfahamu vizuri sana. Tulikesha naye wodi moja kwa miaka minne, ndiye aliyenifundisha kusikiliza pumzi ya mgonjwa kabla sijawasha taa. Siku alipoondoka kwenda kufundisha nilimsema, tena mbele ya wenzetu, maneno yale yale aliyoyaandika msomaji wako: kwamba ametukimbia. Kumbe alikuwa ameingia kliniki kwangu kwa vidole vya mtu mwingine, akamwokoa mgonjwa ambaye hakuwahi kumwona.

Sikuishia hapo. Mwezi uliofuata kila mgonjwa wa insulini aliyepita mlangoni kwangu nilimpapasa tumbo na mapaja. Wenye mabonge walikuwa wengi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilipowauliza walifundishwa vipi kujichoma, simulizi ilikuwa moja: siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, muuguzi mwenye haraka, sindano mkononi, "choma tumboni." Neno lenyewe si uongo. Lilikuwa nusu ya somo, na nusu iliyobaki hakuna aliyerudi kuisema. Basi tatizo halikuwa la mzee yule. Lilikuwa letu, na lilikuwa linatoka wodini kila siku pamoja na wagonjwa tunaowaaga kwa tabasamu.

Hapo ndipo afya ya jamii inapoanza kwa muuguzi. Inaanza pale unapomaliza kuuliza huyu ana nini, ukajikuta unauliza wako wangapi kama huyu na wamefikaje hapa. Tulibadili namna ya kumuaga mgonjwa anaporuhusiwa. Tumbo linagawanywa robo nne kuzunguka kitovu, kila wiki robo moja, na kila sindano iwe mbali na ya jana angalau sentimita 1, upana wa kidole. Sindano mpya kila mara. Na mgonjwa ajichome mwenyewe mbele yetu kabla hajaondoka, sisi tukitazama. Baadaye nilipoombwa kwenda kufundisha vituo vingine jambo hilo, nilikwenda. Ningekataaje?

Wapo watakaosema huu ni utaratibu wa siku hizi, kwamba zamani nesi alikuwa nesi. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1893, New York, muuguzi Lillian Wald alikuwa akifundisha wanawake wahamiaji namna ya kuuguza watu nyumbani. Katikati ya somo akaingia mtoto wa kike, akamwomba aende kwa mama yake. Wald akamfuata hadi kwenye nyumba chakavu, akamkuta mama aliyejifungua anatoka damu, na daktari alikuwa ameondoka kwa sababu hakukuwa na pesa za kumlipa. Alimsafisha, akamhudumia. Baada ya siku ile yeye na mwenzake Mary Brewster wakahamia mtaa ule ule kuishi na watu wale, wakaanzisha huduma ya wauguzi wanaokwenda majumbani. Hata jina "muuguzi wa afya ya jamii" linatokana naye. Mwaka 1902 akapigania muuguzi apelekwe shuleni. Akapelekwa Lina Rogers, kwa sababu watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa upele, mashilingi na macho mekundu, na hakuna aliyewatibu ili warudi. Rogers aliwatibu. Wakarudi darasani.

Na huu ubobezi wetu wenyewe umezaliwa wapi? Mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza. Ford alikuwa muuguzi wa afya ya jamii aliyezoea kuhudumia familia za mashambani mbali na daktari, na wakati huo huo alikuwa mwalimu chuoni. Ndiyo kusema muuguzi mbobezi wa kwanza alitungwa na mtu ambaye, kwa hesabu ya msomaji wako, alikwisha kuikimbia wodi mara mbili. Mwaka 1972 Ford akawa mkuu wa kwanza wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Rochester. Huko akaweka mtindo mmoja ambao naupenda kuliko yote aliyofanya: anayefundisha awe pia anahudumia wagonjwa hospitalini, na utafiti uende pamoja na hayo mawili. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Sijui kama kuna muuguzi wa ngazi yangu asiyekuwa na deni kwake.

Nirudi kwenye kufundisha, maana nilikufanya kwa miaka mingi na watu wengi hudhani ni kusimama mbele ya ubao. Kazi kubwa ni kufundisha mikono na uvumilivu. Chukua kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mwanafunzi hutazama kifua sekunde 15, anazidisha kwa 4, anaandika. Lakini mtoto mdogo hapumui kwa mpigo mmoja: hukimbiza, hutua kidogo, hukimbiza tena. Zile sekunde 15 zinaweza kuangukia kwenye mbio, zinaweza kuangukia kwenye kituo. Ni dakika nzima, nguo imepandishwa, mtoto ametulia, halii wala hanyonyi. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mtoto kuanzia mwaka 1 hadi kabla hajatimiza 5: hapo zimekuwa za kasi, na lazima uifikirie nimonia. Dakika moja ya kimya ni ndefu mno kwa kijana anayejua kuna foleni nje. Nilikuwa nakaa naye, kila mmoja na saa yake, tunahesabu kimoyomoyo, halafu tunaonyeshana namba. Tukipishana kwa zaidi ya pumzi mbili tatu tunaanza upya. Kuna wanafunzi tuliorudia hadi mama wa mtoto akaanza kuhesabu pamoja nasi. Huo haukuwa muda uliopotea. Mama yule sasa anajua kuhesabu.

Kuhusu chanjo msomaji wako aliandika kwa dharau kidogo, "mambo ya chanjo," kama kazi ya kukaa na karatasi. Ngoja nimpeleke mbele ya jokofu moja.

Nilifika kituoni kukagua. Chati ya joto ilikuwa imebandikwa mlangoni: 5 asubuhi, 5 jioni, 5 asubuhi, 5 jioni, mwezi mzima, wino ule ule. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo karatasi ilikuwa nzuri sana. Lakini mtu aliyekaa wodini miaka mingi hawezi kuridhika na faili kabla hajamshika mgonjwa. Nilifungua mlango nikapitisha mkono nyuma ya trei ya mwisho, nikagusa barafu. Vichupa vya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro vilikuwa vimeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, vimegandamana nao.

Watu wengi wanajua joto huharibu chanjo. Wachache wanajua kwamba baridi iliyopita kiasi huziua nyingine kabisa. Chanjo ya surua huvumilia kuganda, hizi haziwezi. Na ile alama ya kichupani inayobadilika rangi huonyesha joto lililozidi tu, baridi haionyeshi. Kwa macho kila kitu kilikuwa salama. Tukachukua kichupa kimoja cha toleo lile lile tukakigandisha makusudi usiku kucha. Asubuhi kilipoyeyuka nikakishika pamoja na kile kilichokuwa jokofuni, nikavitikisa vyote kwa mkono mmoja, nikavisimamisha juu ya meza penye mwanga, nikapiga magoti macho yangu yawe sawa navyo. Katika chanjo nzima maji hubaki na ukungu kwa muda mrefu. Katika vile viwili chembe zilianza kushuka, nyeupe, taratibu, kama majivu, zikalala chini, juu pakabaki maji maangavu. Vyote viwili, kwa mwendo mmoja.

Maana yake watoto walichomwa, wakalia, mama zao wakaandikiwa kadi, na kinga hawakupata. Muuguzi wa kituo kile alikaa chini akashika kichwa. Alikuwa peke yake pale: kuzalisha, kutibu, kuchanja, kuandika. Ile 5 alikuwa akiiandika kwa mazoea, na sikumgombeza, kwa sababu namjua mtu anayefanya kazi ya wanne. Tulishinda na rejesta tukitafuta majina ya watoto waliochanjwa kutoka trei ile, ili waitwe upya. Nilipomfikia wa mwisho niliwaza kwamba katika miaka yangu yote wodini hakuna siku moja ambayo niliwakinga watoto wengi kiasi kile. Lakini pia nisingepitisha mkono nyuma ya trei kama sikuwahi kukesha na mtoto anayekohoa kifaduro hadi midomo inageuka rangi, unamshikilia kitini na huna la kufanya ila kumfuta na kungoja.

Sasa nifike mahali msomaji wako ana haki.

Muuguzi akikaa mbali na mgonjwa muda mrefu hupoa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wa wajawazito: mahudhurio ya kliniki yakatoka 4 yakawa 8 kwa uchache. Mimi niliendelea kufundisha 4 kwa muhula mzima baada ya hapo. Nilikuwa na maandishi yangu mazuri, yamechapwa, yamepangwa, na sikuwa nimeingia kliniki ya wajawazito kwa miaka mitatu. Mwanafunzi aliyerudi kutoka mazoezini ndiye aliyenyoosha mkono: "Mwalimu, kule wanahesabu nane." Darasa zima likanitazama. Nilimshukuru, nikasahihisha pale pale ubaoni, na siku iliyofuata nikaenda kuomba nipewe siku moja kwa wiki ya kurudi kuhudumia wagonjwa. Aliyekuwa juu yangu hakukataa kwa ubaya. Aliuliza tu siku hiyo ingelipwa kutoka fungu gani, na faili langu lingekaa wapi, chuoni au hospitalini. Hakukuwa na jibu, ombi likafa. Nilikuja kuipata siku hiyo miaka miwili baadaye, kwa kuitoa kwenye mapumziko yangu mwenyewe.

Hilo ndilo ambalo ningependa msomaji wako alikasirikie, na mimi nitakasirika pamoja naye. Kila cheo nilichopanda kilinisogeza hatua moja mbali na kitanda. Hapakuwa na ngazi iliyosema: panda, ubaki hapa hapa, na wengine wajifunze kwako. Ukitaka mshahara wa kusomesha watoto unakwenda ofisini au darasani. Ukibaki wodini unabaki chini. Halafu tunashangaa usiku wodi ina kijana mmoja.

Na yule kijana aliyekuwa zamu, sitaki asahauliwe. Nilikuwa yeye. Usiku wangu wa kwanza wa kuachiwa wodi niligusa mfuko wa funguo kila dakika kuhakikisha haujadondoka. Kijana aliyemaliza chuo anapaswa kuwa na mzoefu ubavuni kwa miezi, mlezi wa kazini aliyepangiwa jukumu hilo kwenye ratiba na si kwa hisani. Kumwacha peke yake na wodi nzima ni kumwonea yeye na mgonjwa kwa pamoja.

Katika hili ushahidi upo. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Msomaji wako aliliona hilo kwa macho yake. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano huo ulipungua kwa asilimia 7. Idadi yao na elimu yao, vyote viwili vinapimwa kwa uhai. Na hiyo elimu inatoka kwa nani kama waliokesha hawaruhusiwi kufundisha? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani, na upungufu wa milioni 5.8. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa kuwazuia wazoefu wachache wasitoke wodini. Litazibwa na wanaofundishwa vizuri.

Ninachokitaka ni kitu kinachowezekana, na kule Rochester kwa Ford kilianza kufanyika miaka ya 1970. Mkufunzi wa uuguzi awe na siku yake ya kliniki au ya wodi kila wiki, iandikwe kwenye mkataba, ilipwe, na ihesabiwe anapopandishwa cheo. Anayesimamia chanjo vivyo hivyo. Na yule anayependa kubaki kitandani mwa mgonjwa hadi astaafu apandishwe akiwa pale pale, kwa ujuzi wake na kwa vijana aliowakuza. Wauguzi wenzangu wengi watanuna nikisema hili, lakini naona pia anayekataa kurudi kwa mgonjwa hata siku moja kwa wiki asipewe darasa.

Nimalizie na mama wa msomaji. Aliandika kwamba alitoka hospitali akiwa kwenye sindano za insulini. Ndugu yangu, leo jioni kabla ya sindano, mwombe mama alale chali. Pasha mikono yako joto. Papasa tumbo lake kwa ncha za vidole kutoka ubavuni kuja kitovuni, pande zote mbili, halafu mapaja kwa mbele na kwa nje. Usitafute kwa macho, tafuta kwa vidole. Ukikuta mahali pamekaza au pana bonge, na hasa kama mama atakuambia ndipo anapopapenda kwa sababu hapaumi, usimhamishe ngozi mpya kwa dozi ile ile kabla hujaongea na muuguzi wake au daktari, maana sukari inaweza kushuka kwa kasi. Mpigieni simu au mwende kesho asubuhi, na mbebe daftari. Mguu wenye kidonda uoneshwe siku hiyo hiyo, na ule mzima pia, unyayo na katikati ya vidole.

Muuguzi mbobezi,
jina na anwani anazo mhariri